Havana Iliyotengenezwa Nje ya Havana

Sanduku la mwerezi, jina la Kihispania lililonakshiwa kwa dhahabu, medali za maonyesho ya karne ya 19, na pembeni kipande cha karatasi ya kijani kinachofanana mno na muhuri wa serikali ya Kuba. Ukisoma maandishi madogo chini ya sanduku unakuta kilichomo kimesokotwa Estelí, Nikaragua, kwa majani ya Nikaragua. Hapo ndipo wapenzi wa biri, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, huanza kubishana. Mmoja atasema toleo hili jipya linajificha nyuma ya jina la Kuba. Mwingine atamjibu kwamba mwenye kiwanda ni Mkuba aliyekimbia na ufundi wake, na kama kuna mtu mwenye haki ya mapambo yale ni yeye. Wa tatu atauliza bei, kisha atanuna.

Mabishano haya si ya jana. Yana zaidi ya miaka mia na hamsini, na ukiyafuata hadi kwenye mizizi yake unakutana na jambo la kuchekesha kidogo. Mengi yanayoitwa mtindo wa Kuba wa kuuza biri hayakubuniwa Kuba. Yalibuniwa na wafanyabiashara wa London na Geneva, wasokotaji wa Florida, na baadaye wakimbizi waliokosa nchi. Kuba yenyewe ilijifunza mwisho.

Jani la mfalme, 1492–1817

Mwanzoni mwa Novemba 1492 Christopher Columbus aliwatuma watu wake wawili, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waingie ndani ya kisiwa cha Kuba kumtafuta mtawala wa Asia. Hawakumwona. Waliwaona Wataino, wenyeji wa kisiwa, wanaume kwa wanawake, wakivuta moshi wa majani yaliyoviringishwa.

Tumbaku ikawa zao la wakulima wadogo, ikiuzwa kihalali na kwa magendo, mpaka mwaka 1717 Hispania ilipojitangaza kuwa mnunuzi pekee. Mfalme alipanga bei na kiasi, na majani yakapakiwa melini kwenda kusokotwa Sevilla. Wakulima waliasi mwaka huohuo, wakaasi tena 1720, na mara ya tatu 1723, safari hiyo kadhaa wakauawa na miili yao kutundikwa hadharani. Ukiritimba haukufa nao. Ulidumu miaka mia moja, na katika muda huo Ulaya ilizoea kuvuta jani la Kuba lililopita mikononi mwa mtu mwingine. Amri ya kuifungua biashara ilitiwa saini Juni 1817.

Jani lenyewe linastahili maneno machache, maana ndilo linalofanya ubishi wote uwe na maana. Bora zaidi hutoka Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa, hasa kuzunguka miji ya San Luis na San Juan y Martínez. Msomaji wa Tabora au Urambo anayeijua tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa moto ndani ya bani, atashangaa kidogo: hapa bani halina moto. Majani hutundikwa yakauke kwa hewa, halafu hupangwa marundo na kuachwa yachachuke kwa joto lao yenyewe. Jani la chini ya mmea husaidia biri iwake, la katikati hutoa harufu, na la juu, lililopigwa na jua kuliko yote, hutia ukali. Jani la kufunika nje hutoka kwenye mimea inayokuzwa chini ya vivuli vya kitambaa, ili liwe jembamba na laini. Baada ya kusokotwa na kuvishwa utepe, ni wachache sana duniani wanaoweza kuapa kwa ulimi tu kwamba hii ni ya San Luis na ile siyo. Ndiyo maana jina lilipata nguvu kubwa hivyo.

Majina na mihuri, 1817–1898

Baada ya 1817 viwanda vilichipuka Havana, na wenye viwanda wengi walikuwa wageni. Jaime Partagás, mwenyeji wa Catalonia, alianzisha chapa yake mwaka 1845. Herman Upmann alikuwa Mjerumani mwenye benki. Ramón Allones, mwenyeji wa Galicia, anatajwa kama mtu wa kwanza kupamba masanduku yake kwa michoro ya rangi, na utepe wa karatasi unaozunguka biri huhusishwa na Gustave Bock, Mzungu mwingine wa Havana. Kwa hiyo sura ya biri ya Kuba iliundwa na watu waliokuwa wakiwaza mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari, asiyewahi kukanyaga Pinar del Río na anayehitaji kitu ambacho jicho lake litakiamini.

Kilichoaminiwa na jicho kiliweza pia kuigwa. Biri za Hamburg na New York zilianza kuvaa nguo za Havana, hadi serikali ya Hispania ikalazimika kuanzisha muhuri wa uhakika mwaka 1889. Jamhuri ya Kuba iliufufua kwa sheria ya 1912, na ule wa kijani tunaouona leo ni mjukuu wake. Anayelalamika kwamba kampuni za Nikaragua zinaiga muhuri wa Kuba akumbuke kuwa muhuri wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya waigaji.

Ndani ya viwanda palikuwa na desturi ambayo haikutoka kwa wauzaji hata kidogo. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro, wasokotaji walianza kumlipa mwenzao awasomee kwa sauti wakiwa kazini: magazeti asubuhi, riwaya baadaye. Desturi ilienea haraka, serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku, nayo ikarudi. Ilikuwa shule ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, na ilikuwa siasa pia. Chapa ya Romeo y Julieta ilipata jina lake kwa Shakespeare mwaka 1875, na ile ya Montecristo ya mwaka 1935 husimuliwa kuwa ilitokana na mapenzi ya wasokotaji kwa riwaya ya Alexandre Dumas. Leo matangazo hayachoki kuisimulia desturi hii. Husahau tu kwamba msomaji alilipwa na wafanyakazi, na mara nyingi mwajiri ndiye aliyemwogopa.

Vita vya uhuru vilivyoanza 1868 viliwasukuma maelfu kuvuka maji kwenda Florida. Key West ilijaa viwanda, na Vicente Martínez Ybor alinunua ardhi karibu na Tampa akajenga mji mzima wa biri, ambao kiwanda chake kilianza kazi 1886. Ushuru wa Marekani ulimpendelea: biri iliyokamilika ilitozwa sana, majani mabichi kidogo. Basi majani yakaja kutoka Havana, wasokotaji wakatoka Havana, msomaji akapanda jukwaani kama Havana, na kilichotoka mlangoni kikauzwa kama Havana halisi, ingawa kimezaliwa Marekani. José Martí, kiongozi wa harakati za uhuru wa Kuba, alipokuja Tampa mwaka 1891 kuchangisha fedha na ari ya mapinduzi, waliomsikiliza walikuwa wasokotaji. Kwa wapenzi wa biri, Tampa ilizua swali ambalo halijafungwa mpaka leo: je, biri ni ya pale jani lilipoota, au ni ya mkono uliolisokota?

Washauri wa mbali, 1898–1958

Hispania ilipoondoka, mtaji wa Marekani uliingia na kununua chapa nyingi za Havana kwa mkupuo. Hatua hiyo ilibadilisha wamiliki kuliko ladha. Mabadiliko makubwa ya mauzo yalitoka kwa wateja wakubwa wa Ulaya.

Montecristo ni mfano mzuri. Alonso Menéndez alipoianzisha aliipa saizi tano tu, zikiitwa kwa namba, 1 hadi 5, wakati ambapo chapa nyingine zilikuwa na orodha ndefu kama sala. Nembo yake ya mapanga yaliyokingamana inasemekana ilichorwa kwa mkono wa wasambazaji wa London. Geneva alikuwako Zino Davidoff, mwenye duka, aliyeagiza katika miaka ya 1940 biri za Hoyo de Monterrey akazipa majina ya mashamba maarufu ya mvinyo ya Bordeaux. Pinar del Río na Bordeaux havina uhusiano wowote, lakini mteja wa Davidoff alikuwa na ghala la mvinyo nyumbani, na alielewa mara moja anachoambiwa: kuna mahali, kuna mwaka, kuna daraja. Lugha ya shamba, mwaka wa mavuno na umri wa jani, inayojaa leo kwenye kila toleo jipya, ilipata msukumo mkubwa dukani mwake.

Winston Churchill alizuru Havana mwaka 1946, na saizi kubwa ya Romeo y Julieta ikabeba jina lake. Tangazo la bei nafuu kuliko lile sidhani kama limewahi kupatikana.

Septemba 1960 hadi Februari 1962

Tarehe 15 Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya biri. Familia zilizovimiliki, za Cifuentes, Menéndez, García na Palicio, ziliondoka kisiwani mikono mitupu, au karibu mitupu, maana walichobeba vichwani kilikuwa na thamani kuliko mashine. Serikali mpya iliyatazama majina yale ya kifahari kama takataka za tabaka lililong'olewa, na ikajaribu kuyabana. Mauzo ya nje yalidorora, majina yakarudishwa. Mapinduzi yaliyotaifisha ardhi na benki yalikubali kwamba Romeo y Julieta ni mali isiyoguswa.

Kisha vikaja vikwazo vya Marekani. Rais John F. Kennedy alitia saini tangazo la kuzuia bidhaa za Kuba tarehe 3 Februari 1962. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia miaka thelathini baadaye kwamba rais alimtuma kwanza amtafutie biri 1,000 za Petit Upmann, akarudi na 1,200, ndipo kalamu ikachukuliwa. Kisa hiki hurudiwa kwa kicheko. Kilichofuata hakikuwachekesha watu wa Tampa, ambao viwanda vyao viliishi kwa majani ya Kuba, wala wakulima wa Vuelta Abajo waliopoteza soko lililokuwa jirani kuliko yote.

Majina pacha, 1962–1991

Wenye viwanda waliokimbia walianza upya Visiwa vya Kanari, Honduras, Jamaika na Jamhuri ya Dominika. Familia za Menéndez na García zilitoa Kanari biri iitwayo Montecruz, ambayo sanduku lake lilifanana na Montecristo kama ndugu wa tumbo moja. Mahakama za New York ziliamua mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba utaifishaji uliishia kwenye fukwe za Kuba: ndani ya Marekani, chapa zilibaki mali ya waliofukuzwa. Ramón Cifuentes aliikabidhi Partagás yake kwa kampuni ya General Cigar. Ilisokotwa Jamaika, baadaye Dominika, ikavikwa jani la Kameruni, na hivyo Afrika ikaingia kimyakimya katika biri iliyovaa jina la Kikuba. Tangu hapo dunia ina Partagás mbili, Punch mbili, Upmann mbili, na kila upande huuita mwingine kivuli.

Kuba nayo ilipata chapa mpya karibu kwa bahati. Mlinzi mmoja wa Castro alikuwa akivuta biri aliyosokotewa na rafiki yake, Eduardo Rivera. Castro akaionja, akaipenda, na mwaka 1966 ikawa Cohiba, ikitengenezwa katika jumba la El Laguito pembezoni mwa Havana, ambako wanawake walifundishwa usokotaji. Baadhi ya majani yake huchachushwa mara ya tatu ndani ya mapipa. Kwa miaka kumi na sita haikuuzwa hadharani. Ilikuwa zawadi kwa marais na mabalozi, na bidhaa isiyonunulika haihitaji tangazo. Ilipowekwa sokoni mwaka 1982 hamu ilikuwa imeshaiva.

Picha ya Kuba ya wakati ule ilichorwa pia na mtu tunayemfahamu huku kwetu. Mpiga picha René Burri alimpiga Che Guevara, akiwa waziri wa viwanda, picha maarufu na biri mdomoni mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Che alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo kwa jina la Kiswahili, Tatu. Wauza biri wa leo wanaipenda picha ya kwanza. Ya pili hawana kazi nayo.

Siasa iliweza kuigharimu hata biri moja. José Orlando Padrón, mkimbizi aliyefungua kiwanda kidogo Miami mwaka 1964 na kuhamia Nikaragua 1970, alikwenda Havana mwaka 1978 na ujumbe wa kuzungumzia wafungwa wa kisiasa. Castro alipigwa picha akiwa na biri ya Padrón. Wakuba wenye hasira wa Miami walijibu kwa mabomu, zaidi ya mara moja, kwenye ofisi zake.

Davidoff, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na biri zilizobeba jina lake kutoka Havana, aligombana na Wakuba kuhusu ubora na haki ya jina. Mwaka 1989 kampuni yake ilichoma moto hadharani biri zaidi ya 100,000 ilizoona hazifai, kisha ikahamia Jamhuri ya Dominika. Moto ule uliwaambia wateja matajiri jambo ambalo hakuna mkimbizi aliyewahi kuaminiwa akilisema: kwamba unaweza kuiacha Kuba na bado ukawa wa daraja la kwanza.

Homa, 1992–1999

Mchapishaji Marvin Shanken alitoa toleo la kwanza la gazeti la Cigar Aficionado mwaka 1992, na ndani ya miaka mitano Marekani ilipagawa. Biri za kusokotwa kwa mkono zilizoingizwa nchini humo zilipanda kutoka kama milioni 100 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 400 mwaka 1997. Gazeti lilizipa biri alama kama mwalimu anavyosahihisha mitihani, na pointi mbili ziliweza kumaliza akiba ya duka zima. Kila mwenye fedha alianzisha chapa yenye Don mwanzoni. Zilisokotwa kwa majani machanga na mikono michanga, na nyingi zilikufa kabla muongo haujaisha.

Mbili za kipindi kile zilibaki. Padrón ilitoa mfululizo wake wa 1964 mwaka 1994, na baadaye kila biri ikapewa namba yake kwenye utepe ili kuwashinda waigaji. Mwaka 1995 familia ya Fuente ikatoa OpusX, iliyovikwa jani lililokuzwa Dominika, mahali ambapo wataalamu walikuwa wameapa kwamba jani la kufunika haliwezi kuota vizuri. Iligawiwa kidogokidogo. Wenye maduka waliificha chini ya kaunta. Nadhani hapa ndipo toleo jipya lilipogeuka kuwa tukio: watu walipanga foleni kwa biri ambayo hawakuwa wameionja, kwa kuwa waliambiwa haitoshi.

Kuba wakati huo ilikuwa taabani. Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umeanguka, mbolea haikuwepo, na wanunuzi wa Hispania walilazimika kukopesha pembejeo. Dunia ilipotaka biri nyingi, kisiwa kikazisokota kwa pupa, na mwishoni mwa muongo wavutaji walilalamika kwamba ukivuta, hewa haipiti. Zimeziba.

Kuba yajifunza, 2000–2019

Habanos S.A., kampuni iliyoundwa 1994 kuuza biri zote za Kuba nje, iliuza nusu ya hisa zake kwa Altadis ya Wahispania na Wafaransa mwanzoni mwa karne mpya. Mwaka 2000 likaja toleo maalumu la kwanza la kila mwaka, lenye jani jeusi zaidi, utepe wa pili na idadi yenye mpaka. Mwaka 2005 zikafuata biri za nchi mojamoja, zinazouzwa katika soko moja tu. Mwaka 2010 Cohiba ilitoa Behike ya saizi tatu, ikitumia majani mawili madogo yanayoota kileleni mwa baadhi tu ya mimea. Februari ya kila mwaka kulikuwa na tamasha Havana, chakula cha usiku, na mnada wa makabati ya biri.

Nchi iliyoishi miongo minne ikiuza saizi zilezile kwa majina yaleyale ilikuwa sasa inauza uhaba kwa ratiba. Waliokulia Montecristo No. 4 walikasirika: biri mpya hutolewa changa, hugharimu mara mbili, nazo zile za kawaida hazionekani dukani. Hoja yao ina uzito. Lakini waliendelea kununua.

Huko Marekani toleo jipya lilipata mchochezi mwingine: sheria. Kanuni ya serikali iliyoanza kazi tarehe 8 Agosti 2016 ilitaka kila biri mpya iombewe kibali, kwa hiyo wiki za mwisho kabla ya hapo kampuni ziliharakisha kuuza walau masanduku machache ya kila mchanganyiko zilioweza kuufikiria. Biri nyingine ziliundwa kwa ajili ya kumbukumbu za kisheria kuliko za mvutaji. Mwaka 2023 jaji wa Washington aliifuta kanuni hiyo kwa biri za kusokotwa kwa mkono.

Bei ya Hong Kong, tangu 2020

Mwaka 2020 sehemu ya Ulaya katika Habanos iliuzwa kwa wawekezaji wa Asia, ndani ya mkataba wa zaidi ya euro bilioni moja. Mwaka 2022 bei za Cohiba na za Trinidad, chapa nyingine ya Kuba, zililinganishwa duniani kote na zile za Hong Kong, na katika nchi nyingi zikapanda maradufu au zaidi kwa usiku mmoja. Septemba ya mwaka huohuo kimbunga Ian kilipiga Pinar del Río na kubomoa sehemu kubwa ya mabani. Mapato ya Habanos hayakuyumba kwa muda mrefu: yalifika dola milioni 721 mwaka 2023, na China ndiyo mnunuzi mkubwa. Mnada wa tamasha la mwaka huo ulikusanya zaidi ya euro milioni 11.

Nikaragua, kwa upande wake, sasa ndiyo inayoongoza kuingiza biri za kusokotwa kwa mkono Marekani. Viwanda vya Estelí vinatangaza mbegu za Kuba, mafundi wa Kuba na masanduku ya sura ya Kuba, ingawa mauzo yao yangejisimamia hata bila hayo.

Na mgogoro wa Cohiba uliendelea kutambaa. General Cigar ilisajili jina hilo Marekani mwaka 1981, kabla Wakuba hawajaiuza hadharani biri yao, na tangu 1997 pande mbili zilipanda na kushuka ngazi za mahakama. Desemba 2022 bodi ya Marekani inayosimamia chapa iliufuta usajili wa General Cigar, ikiegemea mkataba wa nchi za Amerika wa mwaka 1929, kwa hoja kwamba kampuni iliyajua matumizi ya Wakuba ilipoomba jina. General Cigar haikukubali, ikaupeleka ugomvi mahakamani. Kuba ilikuwa imeshinda hatua kubwa ya vita vya jina lake katika soko ambalo, kwa vikwazo vya 1962, haliruhusu duka kuuza hata biri yake moja.